Jetiski imefanyiwa ovahoo na bado haivuti: tafuta tatizo kwa mpangilio huu

Swali ni lilelile, linabadili shati tu. Mmoja anasema ameweka pistoni mpya, ringi mpya na gasketi mpya, injini inawaka vizuri, lakini akivuta mafuta inazama, yaani mzunguko unashuka badala ya kupanda. Mwingine yake inakwenda safi dakika kumi kisha inakufa, na ikipoa inawaka tena. Wa tatu haikai sailensa (mzunguko wa chini bila kuvuta mafuta) hata kidogo. Wote watatu, kabla ya kuuliza, wameshageuza skrubu za kabureta mpaka hawakumbuki zilikuwa wapi.

Mwongozo huu ni wa jetiski za mapigo mawili, silinda mbili, zenye kabureta: Yamaha 701, Sea-Doo 717 na 787, Kawasaki 750 na nyingine za ukoo huo. Kama yako ni ya mapigo manne yenye sindano za umeme, hatua za kompresheni, maji na pampu zitakufaa. Hizo nyingine hazikuhusu.

## Kanuni ya kushika kabla ya spana

Skrubu za kabureta huguswa mwisho.

Katika injini ya mapigo mawili, kasha la krenki, ile sehemu ya chini ya injini inayobeba shafti kuu, ndilo linalovuta mchanganyiko na kuusukuma juu kwenye silinda. Kasha likiwa na tundu, hata la ukubwa wa sindano, hewa inaingia bila kupita kwenye kabureta. Injini inakuwa na njaa: hewa nyingi, petroli kidogo, na oili kidogo pia, maana oili husafiri pamoja na petroli. Ukifungua skrubu kuongeza petroli, injini itatulia kidogo na utafurahi. Tundu bado lipo. Siku utakapovuta mafuta fulu kwa dakika mbili mfululizo, pistoni mpya itatoboka palepale ilipotobokea ya zamani.

Na hapo kuna swali ambalo wengi hawaliulizi: pistoni ya kwanza ilikufa kwa nini? Iliyotoboka kichwani ilikuwa na njaa ya petroli au taimingi (wakati wa plagi kutoa moto) iliyotangulia mno. Iliyokwaruzwa upande wa ekzosi peke yake ilipata joto na kukosa oili. Iliyokwaruzwa pande nne kwa usawa ilibanwa, ama kwa boringi finyu, ama kwa kuvutwa mafuta fulu kabla injini haijapata joto. Iliyovunjika sketi, yaani ukingo wake wa chini, ilikuwa imelegea kwenye silinda iliyolika. Kama aliyefanya ovahoo si wewe, mwombe pistoni ya zamani. Akiwa ameitupa, basi amebadilisha kilichoharibika bila kujua kilichoharibu.

## Andaa hivi kwanza

- Geji ya kompresheni yenye nyuzi zinazolingana na plagi zako
- Pampu ndogo ya mkono yenye geji ya presha ndogo, 0 hadi 15 psi. Mashine ya mkono ya kupimia presha ya damu inafaa pia: milimita 300 za zebaki ni karibu 5.8 psi
- Vipande vya mpira mgumu na bati nene vya kuziba tundu la ekzosi na la kabureta
- Maji ya sabuni na brashi
- Mita ya umeme, fila geji (vibati vya kupimia mwanya), spana ya torki (inayopima nguvu ya kukaza)
- Plagi mpya: NGK BR8HS kwa Yamaha 701, BR8ES kwa Sea-Doo 717 na 787
- Mipira mipya ya mafuta na klempu zake, chujio jipya
- Petroli mpya ndani ya galoni safi
- Mpira wa bustani wenye kiungio cha kusafishia injini
- Kitabu cha huduma cha modeli yako hasa, si cha modeli inayofanana nayo
- Kalamu na daftari

Usicheke daftari. Kila kipimo kiandikwe, maana utalinganisha cha leo na cha wiki ijayo.

Onyo la usalama. Tumbo la jetiski ni sanduku lililofungwa, na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatuama chini. Fungua kiti na uache hewa ipite dakika kadhaa kabla ya kupiga stata. Usijaribu moto wa plagi juu ya tumbo lililo wazi lenye harufu ya petroli. Na usiwashe injini ndani ya chumba kilichofungwa. Moshi wake unaua.

## Hatua ya 1: Jua inakosa lini

Kabla ya kufungua kitu, eleza ugonjwa kwa sentensi moja yenye wakati ndani yake. "Haina nguvu" haitoshi. Inakosa ikiwa baridi au moto? Sailensa, katikati au juu? Ikiwa kwenye trela, au majini tu?

Inayozunguka vizuri kwenye trela lakini inazama majini inalalamikia mzigo: petroli haitoshi, moto wa plagi ni hafifu, au pampu ya nyuma, inayosukuma maji, ina shida. Inayokwenda vizuri ikiwa baridi na kufa ikipata joto, ichunguze maji, koili, na nafasi ya pistoni ndani ya silinda. Ambayo ukiachia mafuta mzunguko wake haushuki haraka, au unapanda wenyewe, hiyo inavuta hewa mahali. Zima mara moja, usiendelee "kuisikiliza".

Kuna moja inayowapotezea watu siku nzima: injini inakwenda vizuri kiti kikiwa kimetolewa, ukikirudisha inakufa polepole. Hapo ekzosi inavuja ndani ya tumbo, na injini inavuta moshi wake yenyewe badala ya hewa. Kaza viungio vya ekzosi, badilisha gasketi, kagua mipira ya ekzosi kwa mipasuko.

## Hatua ya 2: Kompresheni

Toa plagi zote mbili. Zishikize waya za plagi kwenye sehemu ya chuma ya injini ili moto uende chini; ukiziacha zikining'inia hewani unaweza kuua CDI, kisanduku kinachotuma umeme wa plagi. Funga geji, shika mkono wa mafuta wazi kabisa, piga stata mpaka mshale usipande tena. Fanya silinda zote mbili, andika.

Kwa injini hizi zilizofungwa upya, ukiwa pwani, namba kati ya 130 na 150 psi ni ya kawaida. Muhimu kuliko namba yenyewe ni tofauti: silinda mbili zisipishane kwa zaidi ya asilimia 10. Ringi mpya huanza chini kidogo na kupanda baada ya saa chache za kazi, kwa hiyo 125 na 128 kwenye injini ambayo haijakwenda popote si msiba. 140 na 105 ni msiba.

Walio Mwanza, Kisumu na Entebbe wasiogope namba ndogo. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 12. Injini iliyotoa 150 Mombasa itatoa kama 131 ziwani bila kuwa na kosa lolote. Itakuwa pia na shibe kidogo ya petroli kama kabureta zake zilisetiwa baharini.

Silinda moja ikiwa chini, usikimbilie kufungua kila kitu. Mimina oili kijiko kimoja cha chai kwenye tundu la plagi, pima tena. Ikipanda sana, ringi hazizibi: zimekatika, zimefungwa vibaya, au silinda haikupigwa honi (kukwaruzwa kidogo ndani ili ringi zikae). Isipopanda, angalia gasketi ya hedi (kifuniko cha juu cha silinda) na usawa wa hedi yenyewe.

Makosa matatu ya ufungaji ninayoyashuku kabla ya mengine: mshale ulio juu ya pistoni kutotazama ekzosi, ncha za ringi kutokaa kwenye pini zake, na nafasi ya ncha za ringi kutopimwa ndani ya silinda kabla ya kufunga. Kwa silinda ya milimita 81 au 82, nafasi hiyo huwa kati ya milimita 0.2 na 0.4. Ikiwa finyu zaidi, ncha zitagongana ringi ikipata joto, na hiyo ndiyo injini inayokwenda vizuri dakika kumi kisha kubana.

Nafasi ya pistoni na ukuta nayo ifuate karatasi iliyokuja na pistoni. Pistoni ya kufuliwa (forged) inatanuka zaidi kuliko ya kumiminwa (cast), inahitaji nafasi kubwa zaidi. Fundi wa boringi asiyekuuliza ni pistoni ya aina gani, akataka tu kuambiwa saizi, mtafutie mbadala.

## Hatua ya 3: Pima uvujaji

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayoleta majibu. Inachukua muda wa kunywa chai mbili. Injini ikiwa nje ya chombo ni rahisi. Ikiwa ndani inawezekana, mikono itachubuka kidogo.

Toa kabureta na bomba la ekzosi. Ziba tundu la ekzosi kwa mpira na bati, kaza kwa boli zake. Ziba upande wa kabureta vivyo hivyo, lakini acha maniifodi ya hewa ikiwa imefungwa mahali pake, maana nayo inavuja. Ziba mpira mdogo wa palsi (mapigo ya presha) unaotoka kwenye kasha kwenda pampu ya mafuta, au utumie huohuo kuingizia hewa. Rudisha plagi.

Pampu hewa polepole mpaka 6 psi, usivuke 8. Ukizidisha unaweza kuzigeuza midomo sili za krenki na kuzalisha tatizo ambalo halikuwepo. Funga, tazama saa. Injini nzuri haipotezi zaidi ya psi 1 kwa dakika, na nzuri hasa inakaa dakika tano bila mshale kusogea.

Ukishuka, chukua brashi na sabuni. Anza na mabati yako mwenyewe ya kuzibia, maana mara nyingi ndiyo yanayovuja. Halafu gasketi ya chini ya silinda, mstari wa kuunganisha nusu mbili za kasha, maniifodi, tundu za palsi, na mwisho sili za krenki, mbele na nyuma ya flaiwili (gurudumu zito lililo kwenye ncha ya krenki). Ya nyuma ya flaiwili haionekani mpaka uitoe, na ndiyo sababu hakuna anayeitazama. Povu litakuonyesha.

Kisha rudia kwa kunyonya badala ya kusukuma, kama una pampu inayonyonya. Sili iliyochoka inaweza kushika presha ikisukumwa kutoka ndani na kuachia ikinyonywa, na injini inapofanya kazi inafanya yote mawili.

Wenye Sea-Doo ya rotari, ambayo mchanganyiko huingia kupitia sahani inayozunguka, wana jambo la ziada. Shafti inayoendesha ile sahani ya rotari imelala kwenye chumba chenye oili inayotoka kwenye tangi la oili. Sili za ndani zikifa, oili inaingia kwenye kasha hata chombo kikiwa kimeegeshwa. Dalili: ikikaa siku mbili inawaka kwa shida na kutoa moshi mwingi mweupe, na plagi moja inaloa oili kuliko mwenzake. Uvujaji huo haurekebishiki kwa kabureta, na kubadilisha sili hizo ni kufungua kasha.

Tundu likipatikana, lifanyie kazi sasa. Sehemu za kasha hupakwa gundi ya gasketi isiyoyeyuka kwa petroli, kwa tabaka jembamba. Silikoni ya kawaida ya dukani inavimba ikiguswa na petroli, kisha inamomonyoka vipande vinavyokwenda kukaa mahali pabaya.

Hapa umefaulu pale tu presha inapokaa. Neno "karibu" halipo.

## Hatua ya 4: Moto wa plagi na taimingi

Weka plagi mpya, mwanya milimita 0.6 kwa Yamaha na 0.5 hadi 0.6 kwa Sea-Doo. Plagi mbovu ya duka bandia inaweza kutoa moto nje na kuuzima ndani ya presha, kwa hiyo nunua mahali unapopaamini.

Moto mzuri ni wa buluu na unasikika. Ukiwa mwekundu au wa njano, anza na betri: ikishuka chini ya volti 10 wakati stata inazunguka, ichaji au ibadilishe kwanza. Baada ya ovahoo, waya wa ethi usiorudishwa, au uliobanwa juu ya rangi na kutu, ni kosa la kila siku.

Kwenye Yamaha 701 na Sea-Doo 717, koili moja inatoa moto kwa plagi zote mbili kwa wakati mmoja. Hii ni zawadi. Silinda moja ikiwa inamisi, badilishana kepu za plagi kushoto na kulia. Kasoro ikihama, tatizo ni kepu au waya. Ikibaki palepale, rudi kwenye kompresheni na petroli ya silinda hiyo.

Taimingi huharibika zaidi kwa kii ya flaiwili, kipande cha chuma kinachoishika mahali pake kwenye krenki. Kii hiyo ndogo inakatika nusu pale nati ya flaiwili isipokazwa kwa torki yake au tepa ya krenki ikiwa na oili. Flaiwili inahama digrii chache, injini inawaka, inasikika karibu na sawa, lakini haina nguvu, au inapiga kinyume stata ikiizungusha. Toa flaiwili kwa pula yake, si kwa nyundo, na uitazame kii kwa macho. Kama sahani ya koili zilizo nyuma ya flaiwili iliguswa, alama yake irudi kwenye alama.

## Hatua ya 5: Petroli, kutoka tangi hadi kabureta

Petroli iliyokaa ndani ya chombo wakati injini iko gereji ni ya kumwaga. Ukiiacha, unapima injini mpya kwa chakula kilichochacha.

Mipira yote ya mafuta ibadilishwe pamoja. Kwenye Sea-Doo za miaka ya 1990 kuna mipira ya kijivu inayooza kutoka ndani na kuwa ute wa kijani, ute huo unaziba kichujio kidogo kilichofichwa ndani ya kabureta ya Mikuni. Unaweza kusafisha kabureta mara tano; kama mpira wa kijivu bado upo, ute utarudi.

Koki ya kuchagulia tangi kuu na akiba ina oringi ndani. Zikikauka hazivujishi petroli nje, zinavuta hewa ndani, na injini inazama kwenye mzunguko wa juu. Jaribio rahisi: ipite koki, unganisha mpira kutoka tangini moja kwa moja hadi kwenye chujio, jaribu. Ikipona, umempata mhalifu.

Pampu ya mafuta inaendeshwa na palsi za kasha la krenki. Gasketi ya kabureta ikigeuzwa juu chini inafunika kitundu cha palsi, na injini itawaka na kukaa sailensa lakini haitapanda. Ishike gasketi juu ya tundu kabla ya kufunga, uhakikishe mwanga unapita. Mpira wa palsi uwe mgumu na mfupi. Mlaini unavimba na kumeza palsi.

Mwisho, mpira unaorudisha petroli tangini una kizuizi chenye kitundu kidogo, ama ndani ya mpira, ama kwenye kabureta. Wengi wanabadilisha mpira na kutupa kizuizi wakidhani ni uchafu. Bila hicho petroli yote inarudi tangini kwa raha zake na injini inabaki na njaa.

## Hatua ya 6: Ndani ya kabureta

Nasema ndani. Skrubu bado hatujafika.

Mikuni Super BN haina boya. Kiwambo cha mpira kinasukuma mkono mdogo, mkono unafungua sindano, vali ndogo inayoruhusu petroli. Kagua kichujio cha ndani, vali nyembamba za plastiki za pampu, na kiwambo kama bado ni laini. Mkono wa sindano ulingane na sakafu ya chumba chake: ukiwa juu petroli inafurika, ukiwa chini njaa.

Pima sindano: ingiza hewa kwenye njia ya petroli huku sindano ikiwa na tone la petroli. Ifunguke kwa mshindo kwenye presha ya kitabu chako, na chini ya hapo isitoe povu hata moja. Inayotoa povu ndiyo inayofanya injini iloe plagi na kukataa kuwaka ikiwa moto. Seti za bei poa za vipuri vya kabureta hufeli hapa, viwambo vyake ni vigumu na sindano hazikai. Afadhali kuosha na kurudisha sindano ya asili iliyo nzima.

Kabureta zikiwa mbili, vipepeo vyake vifunguke pamoja. Tazama kutoka juu ukivuta mafuta taratibu. Kimoja kikitangulia, rekebisha muunganisho.

Kwenye injini zenye ridi (vali za majani membamba), huu ndio wakati wa kuzitazama. Jani lililokatika pembe au lililoinuka zaidi ya milimita 0.2 kutoka kwenye kiti chake libadilishwe. Na kama jani limekatika, kipande kilikwenda wapi? Kitafute.

## Hatua ya 7: Maji

Kwenye mpira wa bustani utaratibu ni huu na haugeuzwi: washa injini kwanza, kisha fungua maji. Ukimaliza, funga maji kwanza, puliza mafuta mara mbili fupi kutoa yaliyobaki, ndipo uzime. Ukifungua maji injini ikiwa haizunguki, yanajaza ekzosi na kurudi ndani ya silinda. Ovahoo ya wiki mbili inaisha kwa dakika moja.

Bila maji usizidishe sekunde 15. Hata ukiwa na maji, dakika chache zinatosha. Sili ya shafti ya pampu hupozwa na maji ya bahari au ziwa, haya ya bustani hayaifikii.

Tazama inavyokojoa, yaani maji ya kupoza yanavyotoka nje. Mkondo uwe wa kuendelea. Ukiwa dhaifu, pitisha waya kwenye kila kiungio cha maji: mchanga na chumvi hukaa kwenye kona ya kwanza. Hakikisha pia mipira ya maji imerudishwa kwa mpangilio wa kitabu, kwa sababu miwili ikibadilishana, silinda moja inapata maji na nyingine inapata salio. Baadhi ya mashine zikihisi joto hujikata mzunguko zenyewe, na mwenye chombo anaenda kununua kabureta.

## Hatua ya 8: Majini, na mzigo

Sasa peleka chombo majini. Vaa jaketi la kuokolea, funga kamba ya kuzimia mkononi, na awepo mtu wa pili mwenye chombo cha kukuvuta.

Acha ipate joto, kisha panda taratibu. Inapozama, vuta choki robo kwa sekunde moja. Ikiamka, ilikuwa na njaa: rudi hatua ya 3 na ya 5. Ikizidi kuzama, ina shibe: sindano inavuja au skrubu imefunguliwa mno. Jaribio hili halina gharama, na linamaliza ubishi mwingi.

Mzunguko ukipanda sana lakini chombo hakiendi, injini ni nzima, pampu inateleza. Impela (feni ya pampu) imegongwa na jiwe, ringi ya pampu imelika, au hewa inaingia kati ya pampu na bodi. Mzunguko ukishindwa kupanda, chungulia chini kabla ya kulaumu injini: kamba na mifuko ya plastiki hujifunga kwenye shafti. Upande wa Paje na Jambiani, Zanzibar, kamba za mashamba ya mwani zimeshika wengi, na kamba si yako, ya mwenye shamba nayo ina hasara.

## Hatua ya 9: Sasa skrubu

Funga kila skrubu taratibu mpaka iguse, kisha fungua idadi ya mizunguko iliyo kwenye kitabu chako. Hapo ndipo pa kuanzia. Sogeza robo ya robo, jaribu, andika.

Mafundi wa bodaboda wasikilize: skrubu za Super BN ni za petroli. Kufungua ni kuongeza petroli. Kwenye baadhi ya kabureta za pikipiki skrubu ya pembeni ni ya hewa, na kufungua kunapunguza. Mkono uliozoea pikipiki unafanya kinyume hapa, na kinyume chenyewe ni kuunguza pistoni.

Anza na ya mzunguko wa chini mpaka sailensa itulie na injini iitike bila kukohoa. Ya mzunguko wa juu ifanye mwisho, ukitokea upande wa shibe. Ukiwa na shaka, bakiza shibe; plagi chafu ni bei ya chakula cha mchana.

Usiseti siku hiyohiyo uliyobadilisha uwiano wa oili. Oili ikizidi ndani ya petroli, petroli inayopita kwenye jeti inapungua, na mchanganyiko unakuwa na njaa kidogo.

## Hatua ya 10: Kuizoesha

Wenye Yamaha wanaochanganya oili tangini huanza na 25:1 kwa kuzoesha, kisha 50:1. Kwa petroli lita 20 ni mililita 800 mwanzo, halafu 400. Yamaha inataka oili ya TC-W3. Sea-Doo za rotari hutumia ya API-TC. Usichanganye hizo mbili kwenye tangi moja.

Kama chombo kina pampu ya oili, tangi la kwanza litiwe mchanganyiko hata hivyo. Baada ya ovahoo mipira ya oili huwa na hewa, na povu moja likipita kwenye beringi ya krenki ni kilio. Toa hewa kwa skrubu yake, linganisha alama ya kebo, kisha weka alama kwenye tangi la oili uone kama linapungua.

Saa ya kwanza usivute mafuta fulu mfululizo, wala usikae mzunguko mmoja. Panda, shuka, pumzisha.

Injini ikipoa kabisa, kaza tena boli za hedi kwa torki na mpangilio wa kitabu, toa plagi uzitazame, na upime kompresheni upya. Kama daftari linasema 128 na 130 na leo unasoma 138 na 140, ringi zimekaa. Sasa ndipo uweke 50:1 na kumkabidhi mwenye chombo.